Wakala wa ajira: Anayemlipa, anavyofanya kazi na haki za anayetafuta kazi

Katika soko la ajira nchini, wakala wa ajira anatajwa sana ila hafahamiki vyema. Baadhi ya vijana humwona kuwa mlango wa pekee wa kuingilia afisini. Wengine humwona kuwa tapeli aliyevaa tai. Ukweli ni kwamba wakala ni mfanyabiashara, na kama ilivyo katika biashara yoyote ile, njia ya haraka ya kumwelewa ni kuuliza anayemlipa ni nani.

Swali hilo ndilo linalomtenga wakala halali na laghai. Siku hizi limezaa swali la pili ambalo ni zito vivyo hivyo: mtu anapopata kazi kupitia kwa wakala, mwajiri wake ni nani? Makala haya yanaeleza chimbuko la biashara hii, jinsi inavyoendeshwa na yale ambayo sheria inampa anayetafuta kazi.

CHIMBUKO

Historia ya kuwasaka watu wa kufanya kazi ni ndefu, na si yote ya kupendeza. Wakati wa ukoloni, walowezi waliohitaji vibarua mashambani waliwategemea machifu na maajenti wa kuandikisha watu. Waraka wa Gavana Edward Northey wa mwaka wa 1919 uliwataka maafisa wa utawala na machifu kuwahimiza Waafrika waende kufanya kazi katika mashamba hayo.

Sheria ya usajili ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande. Hati hiyo ilionyesha jina lake, mwajiri wake na ujira wake. Bila sahihi ya mwajiri ya kumwachilia, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali.

Baada ya uhuru, ajira iligeuka kuwa suala la siasa. Mwaka wa 1964, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano ya pande tatu. Waajiri wa kibinafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15. Vyama, kwa upande wao, vilikubali kusitisha migomo na madai ya nyongeza za mishahara. Mapatano ya aina hiyo yalirudiwa mwaka wa 1970 na 1979, lakini idadi ya waliotafuta kazi iliendelea kuzipita nafasi zilizokuwapo.

Mwaka wa 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoeneza ulimwenguni istilahi ya sekta isiyo rasmi. Ripoti hiyo ilitambua kwamba mafundi, wachuuzi na wahunzi, ambao Wakenya huwaita watu wa jua kali, hawakuwa watu wasio na kazi. Walikuwa wanafanya kazi bila mkataba na bila ulinzi wa sheria.

Mageuzi makubwa yalikuja katika miaka ya tisini. Serikali ilipunguza uajiri, na mwaka wa 1993 ikaanzisha mpango wa watumishi wa umma kustaafu mapema kwa hiari. Kampuni nyingi nazo zilianza kubakia na shughuli zao kuu, zikakabidhi ulinzi, usafi na upishi kwa kampuni za nje. Katika pengo hilo ndimo wakala wa kisasa alimopata riziki.

SOKO LILIVYO

Kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, nafasi mpya za kazi zilizopatikana nchini mwaka wa 2024 zilikuwa 782,300. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Maana yake ni kuwa nafasi mpya katika sekta rasmi zilikuwa chini ya 80,000.

Mwaka uo huo, zaidi ya wanafunzi 960,000 walifanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE. Hata kama wote hawakuingia katika soko la kazi mara moja, hesabu hiyo inaonyesha ukubwa wa tatizo: kwa kila nafasi moja mpya ya kazi rasmi, palikuwa na watahiniwa wapatao 12 wa mwaka mmoja tu, bila kuwahesabu waliomaliza miaka iliyotangulia wala wahitimu wa vyuo.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa robo tatu za Wakenya walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Penye uhaba wa namna hii, anayesemekana kujua kazi ilipo huwa na nguvu kubwa. Nguvu hiyo ndiyo wakala mwadilifu anayopaswa kuichunga, na ndiyo tapeli anayoifanya kuwa mtaji.

AINA ZA MAWAKALA

Mawakala wa ajira nchini wanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wale wanaomtafutia mwajiri mtu wa kujaza nafasi fulani, kwa mfano mhasibu, meneja wa mauzo au mhandisi. Mtu huyo akishapatikana, hutia sahihi mkataba na mwajiri, na kazi ya wakala huishia hapo.

Kundi la pili ni la kampuni za kukodisha wafanyakazi. Hizi huwaajiri watu kwa jina lao wenyewe, kisha huwapeleka kufanya kazi katika kampuni nyingine. Mfanyakazi huweza kuonekana kila siku katika kiwanda au benki fulani ilhali mshahara wake hutoka kwingine.

Kundi la tatu ni la wanaowapeleka watu ng'ambo, hasa katika mataifa ya Ghuba kama vile Saudi Arabia, Qatar na Milki za Kiarabu.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka wa 2007 inataka kila wakala wa kibinafsi wa ajira asajiliwe. Usimamizi wa shughuli hizo sasa uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Mamlaka hiyo huweka orodha ya mawakala waliosajiliwa, na mwananchi yeyote anaweza kuitazama kwenye mtandao kabla ya kutoa hati zake kwa mtu.

NANI HUMLIPA?

Ubishi kuhusu malipo ya wakala una umri wa karibu karne moja. Mwaka wa 1933, ILO ilipitisha mkataba wa kukomesha mawakala wanaotoza ada. Mwaka wa 1949 ulipitishwa mwingine uliozipa nchi hiari ya kuwakomesha au kuwadhibiti. Mkataba Nambari 181 wa mwaka wa 1997 ulikubali kuwa mawakala wa kibinafsi wana nafasi yao katika soko, lakini ukaweka msingi mmoja: wasimtoze mfanyakazi ada au gharama, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, ila katika hali chache ambazo serikali itaziruhusu baada ya mashauriano.

Msingi huo unalingana na mantiki ya biashara yenyewe. Katika uajiri wa humu nchini, mteja wa wakala ni mwajiri. Mwajiri ndiye aliye na pengo, ndiye anayeokolewa muda, na ndiye anayelipa. Ada hiyo kwa kawaida huwa sawa na mshahara wa mwezi mmoja au zaidi wa anayeajiriwa, au huwa asilimia fulani ya mshahara wa mwaka. Kampuni ya kukodisha wafanyakazi nayo hulipwa gharama ya mishahara pamoja na nyongeza yake juu.

Kwa hivyo wakala hatafutii mtu kazi. Huitafutia kazi mtu. Tofauti hii inaonekana ndogo, ila inaeleza mambo mengi yanayowaudhi wanaotuma maombi. Inaeleza kwa nini wakala huwa hampigii simu kila aliyempelekea barua. Inaeleza pia kwa nini humkumbuka mtu baada ya miezi minane kwa kazi ambayo hakuiomba.

Wakala halali anapokosea katika kuchagua, hasara huwa yake. Mikataba mingi baina ya wakala na mwajiri huwa na kipindi cha dhamana, mara nyingi miezi 3. Aliyeajiriwa akiondoka au akifutwa katika kipindi hicho, wakala hulazimika kutafuta mwingine bila malipo mapya. Anayemtoza mtafuta kazi, kinyume chake, hana cha kupoteza. Yeye huwa amekwisha kulipwa kabla ya kazi kuonekana, na kadiri anavyowalaghai wengi ndivyo anavyozidi kuchuma. Mtu wa namna hiyo hahitaji mwajiri. Anahitaji foleni tu.

Hii ndiyo sababu Sh2,000 za "usajili", "fomu" au "uchunguzi wa afya" zinazotakiwa kutumwa kwa simu kabla ya mahojiano hazipaswi kuchukuliwa kuwa jambo dogo. Zikikusanywa kwa watu 500 huwa Sh1 milioni, na wengi wa waliozitoa huwa wamekopa au wamechangiwa na jamaa.

JINSI MAOMBI YANAVYOCHUJWA

Kazi ya wakala huanza kwa maelezo ya mwajiri: majukumu, kiwango cha elimu, tajriba, mshahara na mahali pa kazi. Kutoka hapo wakala huchunguza kwanza kumbukumbu zake, kisha huwauliza watu anaowaamini, na mara nyingi tangazo huwa hatua ya mwisho. Nafasi zisizo chache hujazwa hata kabla ya kutangazwa. Ndiyo maana anayetegemea matangazo pekee hufika sokoni jioni.

Maombi yakipokelewa, usomaji wa kwanza huwa wa kuondoa wala si wa kuchagua. Wakala hutafuta sababu ya kuweka kando: sifa ya lazima ikikosekana, tarehe zikigongana, au barua ikiwa imeandikiwa kampuni nyingine. Katika kampuni kubwa, usomaji huo hufanywa na programu ya kompyuta inayotafuta maneno yaliyomo katika tangazo. Wanaobaki hupigiwa simu, wachache huitwa kwa mahojiano, na majina matatu hadi matano hivi hupelekwa kwa mwajiri.

Ujio wa akili unde umeleta mabadiliko yasiyotarajiwa. Wasifukazi unaoandikwa na mashine huwa safi, lakini hufanana na mamia ya mengine. Kadiri karatasi zinavyofanana ndivyo mambo ya zamani yanavyorudi kuwa na uzito: mazungumzo ya simu, jaribio la kazi yenyewe na ushuhuda wa msimamizi wa awali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; ila katika soko hili hata chema sharti kionekane. Anayeandika kwamba alisimamia bohari la wafanyakazi 12 na kupunguza upotevu wa bidhaa hukumbukwa kuliko anayeandika kwamba ana bidii.

Uchujaji huo una mipaka ya kisheria. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamkataza mwajiri kumbagua anayeomba kazi kwa misingi ya rangi, jinsia, lugha, dini, siasa, uraia, kabila, ulemavu, ujauzito au hali yake ya Ukimwi. Katiba ya mwaka wa 2010 inataja pia umri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo inamtaka anayekusanya habari za mtu azitumie kwa lengo alilolitaja, na inampa mwenyewe haki ya kujua zinavyotumiwa. Wakala hana ruhusa ya kuuza wasifukazi wa watu kama karatasi za kufungia nyama.

STAKABADHI NA GHARAMA ZAKE

Kwa miaka mingi, kijana aliyetafuta kazi alitakiwa kuwasilisha lundo la vyeti hata kabla ya kuitwa kwa mahojiano: cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, pamoja na vyeti vya Mamlaka ya Ushuru, KRA, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, na kampuni za kukagua madeni. Baadhi ya vyeti hivyo hulipiwa na huisha muda, hivyo asiye na kazi alijikuta akizilipia tena.

Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2022 yalibadilisha utaratibu huo. Mwajiri haruhusiwi tena kudai vyeti hivyo ila akiwa ananuia kuingia katika mkataba na mhusika. Kwa maneno mengine, cheti hufuata ahadi ya kazi, hakiitangulii. Tangazo linalowataka waombaji wote waambatishe vyeti hivyo linaenda kinyume cha sheria hiyo.

MWAJIRI WAKO NI NANI?

Swali hili huwahusu hasa wanaofanya kazi chini ya kampuni za kukodisha wafanyakazi. Kwao, kiwanda husema, "Huyu si wetu." Kampuni iliyomleta husema, "Kazi imeisha huko, nasi hatuna nyingine." Mfanyakazi hubaki katikati kama mpira wa kona.

Ulinzi wake wa kwanza ni maandishi. Sheria ya Ajira inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Mkataba huo unapaswa kutaja jina la mwajiri, kazi, mahali pa kazi, saa, mshahara na tarehe ya kuanza. Anayetia sahihi asikubali kuondoka bila nakala yake.

Ulinzi wa pili ni makato. Mshahara hukatwa mchango wa Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF iliyoanza Oktoba 2024, na asilimia 1.5 ya ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Mwajiri naye huongeza mchango wake katika NSSF na katika hazina ya nyumba. Jina linaloonekana katika kumbukumbu za NSSF na KRA ni la anayejitambulisha kwa serikali kuwa mwajiri. Pasipokuwa na jina lolote ilhali pesa zinakatwa, hapo pana kosa la jinai, na mfanyakazi asingoje hadi siku ya kustaafu kuligundua.

Ulinzi wa tatu ni kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira. Kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kukamilika kabla ya jumla ya miezi 3, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi. Mwajiri hawezi tena kumfukuza jioni kama aliyekuja asubuhi. Lazima ampe notisi ya siku 28. Mfanyakazi wa aina hiyo akiendelea kwa miezi 2 au zaidi, hustahili masharti ambayo angepewa kama hangekuwa kibarua tangu mwanzo.

Ni kweli kwamba si kila kazi yaweza kuwa ya kudumu. Mashamba ya maua ya Naivasha huhitaji mikono zaidi kabla ya sikukuu ya wapendanao ya Februari, na hoteli za Pwani huhitaji wahudumu zaidi mwezi wa Desemba. Mwajiri anayeambiwa aajiri kwa kudumu watu wa msimu hataajiri kabisa. Hata hivyo, kazi isiyokoma mwaka hadi mwaka haiwi ya msimu kwa kuitwa hivyo katika karatasi. Pale ambapo mtu amefanya kazi ile ile kwa miaka mitano, akibadilishiwa kampuni kila mwaka, ni haki kuuliza kama ukodishaji huo ni biashara au ni njia ya kukwepa likizo, malipo ya uzeeni na chama cha wafanyakazi.

KAZI ZA NG'AMBO

Hapa hatari ni kubwa zaidi kwa sababu mahakama na jamaa huwa mbali. Sheria ya Ajira inataka mkataba wa kazi ya nje uwe katika fomu iliyowekwa, utiwe sahihi na pande zote na kuidhinishwa na afisa wa leba. Afisa huyo anapaswa kuridhika kwamba anayeondoka ameuelewa mkataba na hakulazimishwa wala kudanganywa. Kumshawishi mtu aondoke bila utaratibu huo ni kosa.

Habari njema nazo zaweza kugeuzwa chambo. Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024, ilisemekana kwamba Wakenya 250,000 wangepokewa. Serikali ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo ikasema makubaliano hayakutaja idadi yoyote, na kwamba kila mwombaji angehitaji kutimiza masharti ya kawaida ya kuingia nchini humo. Anayeuza "nafasi" katika mpango ambao haukuwa na nafasi za kuhesabiwa anauza hewa.

WAKATI WA KUONDOKA

Mfanyakazi anapoondoka, sheria inamlazimu mwajiri kumpa cheti cha utumishi kinachoonyesha jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe za kuanza na kumaliza, na aina ya kazi. Mwajiri halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia au utendakazi wa mtu huyo. Ikilinganishwa na enzi za kipande, hii ni hatua kubwa: cheti ni mali ya mfanyakazi, na mwajiri aliyekasirika hawezi kukinyima ili kumfungia milango kwingine.

Anayeachishwa kwa sababu ya kupunguzwa kwa wafanyakazi anastahili notisi ya mwezi mmoja na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Mwenye malalamishi anaweza kwenda kwa afisa wa leba wa kaunti yake au katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kesi sharti ifunguliwe kabla ya miaka 3 kupita.

Kabla ya kufika huko, yapo mambo manne ambayo kila anayeshughulika na wakala anaweza kuyafanya bila gharama kubwa: kuthibitisha usajili wake kwa NEA, kukataa kumlipa ili aitwe kwa mahojiano, kusoma jina la mwajiri katika mkataba kabla ya kutia sahihi, na kuhifadhi nakala ya kila karatasi. Wakala mwadilifu hatachukizwa na lolote kati ya hayo. Anayechukizwa atakuwa amejibu swali la nani humlipa.